Ua la Mikono Sita

Jioni ile Evodia alitoka nyumbani kwenda kutafuta kitambaa. Kitambaa tu. Hakuwa na neno na mtu, wala hakuwa na safari nyingine.

Ulikuwa mwezi wa saba, na aliyewahi kulala Sumbawanga mwezi wa saba hahitaji kuelezwa. Upepo unashuka kutoka miinuko ya Lyamba lya Mfipa umenolewa kama wembe, unapita chini ya mlango, unapanda kitandani, unamtafuta mwenye kifua dhaifu. Na nyumbani kwa Evodia kifua dhaifu kilikuwepo. Mwanawe Kalisti, ambaye hata kukaa mwenyewe alikuwa hajaweza, alikuwa ametoka kuugua kichomi. Akilala, kifua chake kilikoroma kama sufuria ya maharage. Nesi alimwambia Evodia kwa sauti ya chini, akimshika bega, na Evodia hakuusahau wema wa mkono ule begani:

"Mfunike mtoto huyu, mama. Baridi ikimpiga mara ya pili hatuna dawa."

Ndiyo maana alitaka kushona blanketi la viraka. Zito, lenye pamba katikati.

Kule misheni Sista Bertha alikuwa amewafundisha akina mama namna moja ya viraka waliyoiita ua la kioo. Unachukua kitambaa chenye picha inayojirudia. Unakata picha ile ile mara sita, mahali pale pale, kwa umbo la pembetatu. Ukiziunganisha ncha kwa ncha, linatokea ua ambalo halikuwa kwenye kitambaa. Kazi yote iko kwenye kuchagua. Maua madogo madogo yanatoa uji tu. Mistari inatoa buibui. Unataka picha kubwa, yenye rangi zinazogombana. Na ili usikate kwa kubahatisha, unatembea na vioo viwili vilivyoungwa kwa plasta, unavisimamisha juu ya picha kama kitabu kilichofunguliwa nusu, unachungulia. Picha moja inakuwa sita. Unaliona ua kabla mkasi haujagusa nyuzi.

Evodia alikuwa ameshachagua kitambaa chake. Kilikuwa mgongoni mwake, kimembeba Kalisti.

Mbeleko ile ilikuwa kitenge cha zamani cha marehemu mama yake. Ardhi ya kitambaa ilikuwa nyekundu ya kahawia, na katikati mkono. Mkono mmoja mkubwa, mweupe, kiganja wazi, vidole vimeachana. Mama yake aliwahi kumbeba yeye Evodia katika kitenge kile. Kilikuwa kimechanika huku na huku, kikabaki na mkono mmoja tu mzima. Alihitaji mingine mitano.

"Weka vioo vyako mfukoni, Mama Kalisti," alisema Scola, muuza vitenge, akikunja bidhaa zake. "Watu watasema unaniroga mchana kweupe."

"Mchana upi? Jua limeshazama."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Evodia akacheka. Akageuka, akamwonyesha mgongo. "Chapa hii unayo?"

Scola alishika pindo la mbeleko, akalisugua kwa vidole. Tangu ruksa ya biashara itoke na mipaka kulegea, meza yake ilikuwa imejaa vitenge vya Zaire na Zambia vilivyopita bandari ya Kasanga. Hakukuwa na chapa asiyoijua. Lakini akatikisa kichwa. "Hii ni ya kale, dada. Ya wakati ule watu wanavusha magendo ziwani usiku. Huipati tena. Chukua hii ya jogoo. Jogoo sita wakikutana, hilo si ua, ni harusi."

"Asante, dada. Nataka ya mama."

Scola hakumkasirikia. Alimpa gunzi la mhindi wa kuchoma uliobaki nusu, apate kitu cha moto mkononi njiani. Hayo ndiyo mambo ambayo Evodia alikuwa akiyahesabu maishani mwake. Si fedha. Nani alimpa nini, na alimpa kwa uso gani.

Soko lilikuwa linafungwa. Mbao zikigongwa, makufuli yakilia. Upepo ulipita na vumbi, na ndani ya vumbi mlikuwa na harufu...

Harufu ya nywele zilizoungua. Na udongo mbichi, kama mahali palipopigwa na radi.

Lakini huo haukuwa msimu wa mvua.

"Unatafuta mkono," sauti ikasema.

Kwenye ngazi ya duka lililofungwa alikaa bibi kizee. Alikuwa amejifunga shuka moja jepesi, mikono yote miwili ameifumbata ndani yake, chini ya kwapa, kama watu wafanyavyo wakishikwa na baridi. Miguuni pake palikuwa na furushi.

"Shikamoo, bibi."

Bibi alikuwa anaangalia mbeleko. Baadaye akasema, "Marahaba. Fungua hilo. Fungua wewe, mikono yangu imekufa baridi."

Evodia akachuchumaa, akafungua. Ndani mlikuwa na vipande vya kitenge, vimekunjwa hovyo. Ardhi nyekundu ya kahawia. Mkono mweupe. Kingine, mkono mweupe. Vipande vitano, na kila kipande mkono mmoja, kana kwamba mtu alikuwa amevirarua kwa ajili yake.

Moyo ulimruka kwa furaha. Akatoa vioo vyake, akavisimamisha juu ya kipande cha kwanza, akainama kuchungulia katika mwanga uliobaki.

Mikono sita ilielekeana, ncha za vidole zikigusana katikati. Ua zuri. Ua kubwa.

Halafu vidole vikakunjika.

Vyote, kwa pamoja. Polepole, kama mtu anayekamata kitu kilichomo katikati na hataki kukiachia.

Evodia aliondoa vioo. Kwenye kitambaa mkono ulikuwa wazi, kama kawaida. Alijiambia ni mwanga. Ni upepo uliokunja nguo. Mtu akitamani kitu sana, sababu za kukichukua hazimpotei.

"Ni shilingi ngapi, bibi?"

"Siuzi. Vilikuwa vya wenzangu." Macho ya bibi yalihamia kwenye mhindi. Yalikaa pale.

Evodia akaelewa. Alimnyooshea, lakini bibi hakutoa mikono. Alifungua kinywa tu, kama kinda la ndege. Huenda ni mgonjwa wa ukoma, Evodia alifikiri, anaona haya kuonyesha vidole. Roho ikamuuma. Akapukuchua punje akamtilia kinywani, chache chache, na midomo iliyogusa vidole vyake ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Alipomaliza alivua khanga aliyojitanda mabegani, akamfunika bibi, akaichomekea vizuri shingoni.

Bibi aliinamisha shavu kwenye khanga.

"Una mkono mwema," akasema. "Sijui umeutoa wapi."

"Mungu akulipe kwa vitambaa, bibi."

"Kashone. Ua likikamilika tutakuja kuliona."

Evodia alikuwa ameshafika njia ya Mpui, karibu na kwake, ndipo neno lile lilipomrudia. Tutakuja. Akageuka nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Hata hivyo alikaza mwendo, akimpigapiga Kalisti matakoni kana kwamba mtoto ndiye aliyeogopa.

* * *

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho upande ule. Baada yake ni mashamba ya ulezi. Umeme ulikuwa umekatika, kama desturi yake. Mume wake, Kornel, alikuwa utingo wa lori, naye alikuwa amekwenda Kasanga kupakia dagaa, angerudi kesho. Lakini Evodia hakuwa peke yake. Mama yake mdogo, Marsiana, aliyekuja kutoka Chala kumsaidia mtoto alipougua, alikuwa jikoni nje akisonga ugali. Na jirani, Bundala, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, angepita muda si mrefu na maziwa. Tangu Kalisti alazwe, Bundala alikuwa akiongeza kikombe kimoja juu ya kipimo. Akiulizwa, husema ng'ombe mwenyewe kaamua.

Evodia alimlaza mtoto kitandani, akawasha koroboi, akatandika vipande mezani. Vilikuwa na madoa meusi, yamekauka yakawa kama gundi. Atavifua ua likishashonwa, alijiambia. Akavipanga kimoja juu ya kingine, mkono juu ya mkono.

Vitano. Cha sita kilikuwa kwenye mbeleko, pale pale katikati, mgongo wa mtoto unapokaa.

Akauchukua mkasi. Akasita.

Alijua. Nani hakujua? Kwao mwanamke hufundishwa kabla hajabeba wa kwanza: mbeleko haikatwi mtoto akiwa hajasimama. Ukiikata, umefungua mgongo wako, na chochote kinachotafuta mtoto kinajua pa kuingilia. Lakini Evodia aliwaza: siikati niitupe. Ninamfanyia yeye yule yule blanketi. Nguo ya bibi yake imfunike tu kwa namna nyingine. Kosa lina ubaya gani likifanywa kwa mapenzi?

Akakata.

Ili mikono sita ilingane, Sista Bertha aliwafundisha kupitisha sindano ndefu mahali pamoja katika vipande vyote kabla ya kukata umbo. Evodia alichagua katikati ya kiganja. Sindano ikapita cha kwanza, cha pili, ikashuka kama kwenye siagi. Ilipofika cha chini kabisa, cha mama yake, ilikataa.

Akasukuma. Ilikuwa kama kuchoma nyama.

Akakaza kidole gumba, akasukuma tena. Ikapenya ghafla. Mahali fulani nje, mbali, mtu alilia mara moja tu.

Sindano ilitoka upande wa pili na damu. Evodia aliangalia vidole vyake kimoja kimoja kwa mwanga wa koroboi. Hakikuwepo kilichochomwa.

Angeacha hapo... Hadi leo hujiambia mwenyewe, si ungeacha hapo. Lakini Kalisti alikohoa kitandani, kile kikohozi chenye mluzi, na mkono wa Evodia ukaendelea na kazi. Alikata pembetatu. Akazitandaza mezani, akaziunganisha ncha kwa ncha, akazishika kwa pini.

Ua likakamilika.

Lilikuwa zuri mno. Mikono sita myeupe ikinyoosheana katika ardhi ya damu.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Marsiana aliingia na sufuria ya ugali, mdomoni akiwa na maneno ya utani: "Mfalme wetu kalala au anakusubiri umwimbie..." Akaliona ua. Sufuria ikamponyoka. Ugali ukamwagika sakafuni, ukawa unatoa mvuke miguuni mwake, na yeye hakusogea.

"Nani kakupa?"

"Bibi mmoja, sokoni. Mama mdogo, umeungua..."

"Ana mikono?"

Evodia hakuelewa swali. Halafu akaelewa. Fungua wewe. Kinywa kilichoachama kama kinda.

"Sikuiona," akanong'ona.

Marsiana akakaa kwenye kitanda kando ya mtoto. Alisimulia kwa sauti ya chini, upesi, kama mtu anayetapika.

"Walikuwa sita. Mama yako na wenzake, kule Mpui. Walikuwa na kikundi, wanalimiana mashamba. Wakanunua kitenge kimoja, wakashona sare. Sare ya mikono. Masika ile radi ikapiga nyumba ya watu, watoto wakafa wamelala. Vijana wakaanza kusema, mbona wale wanawake wanavaa mikono? Mikono ya kuitia nini?"

"Mama mdogo..."

"Wakaja na mapanga. Wale watano wakakimbilia kwetu, wakajificha kwenye kihenge cha mahindi. Mama yako alikuwa mlangoni, na wewe mgongoni, katika hiyo hiyo. Wakamwambia, wenzako wako wapi, ama tunaanza na huyo mtoto." Marsiana alijipangusa mdomo. "Hakusema neno. Alinyoosha mkono tu. Kuelekea kihengeni."

Nje upepo ukanyamaza.

"Wakawatoa. Wakaanza na mikono. Juu ya gogo la kuchanjia kuni, mmoja mmoja, mwenzake anaangalia. Viganja vilikuwa vinaanguka vimefunguka hivi. Wakawaachia wakimbie bila mikono, wanawacheka, halafu wakawafuata shambani na mawe. Mmoja alirudi akitambaa. Akafika hadi mlangoni kwetu. Akagonga kwa... kwa ile iliyobaki. Hatukufungua."

Evodia alikuwa ameshika meza. "Nani mwingine aliyaona?"

"Mimi tu. Nilikuwa msichana wa shule. Nilisimama hapo hapo mlangoni, pembeni ya mama yako."

Na hapo wakasikia.

*Du.*

Ukutani. Kitu kizito, laini, kisicho na vifundo vya vidole. Kama mchi uliofungwa kitambaa.

*Du. Du.*

Kisha sauti ya mtu, sauti wanayoijua, ya kawaida kabisa. "Hodi humo, Mama Kalisti. Ng'ombe kaamua tena." Ilikuwa ya Bundala. Halafu, kwa adabu, akiongea na wengine: "Shikamooni, akina mama. Mbona mmesimama na baridi hii? Mnamtaka mwenye..."

Kimya.

"Mama, mikono yenu..."

Ndoo ya maziwa iligonga ardhi.

Walimpiga. Evodia alisikia kila pigo. Hayakuwa mapigo ya ngumi wala fimbo. Ilikuwa sauti ya wanawake wanaotwanga kinu kimoja, kwa zamu, bila haraka, bila kukosana. Bundala alikuwa mtu wa kutuliza fahali kwa mkono mmoja. Alipiga kelele mara mbili. Baadaye akalia kama mtoto. Baadaye kitu kikavunjika, kikavu, kama bua la mtama, na kingine, na kutwanga kukaendelea juu ya kile kilichovunjika.

Marsiana alikuwa ameziba masikio. Evodia alimrukia Kalisti, lakini mlango uliingia ndani na komeo lake, ukamkumba kifuani, ukamtupa ukutani. Koroboi ikazimika.

Giza. Harufu ya nywele zilizoungua.

Wakaingia. Alisikia miguu pekupeku kwenye ugali. Alisikia pumzi zao, nzito, za watu waliotoka kukimbia. Kitu kisicho na vidole kilimpiga shavuni, akasikia jino likiachia. Kingine kikamkandamiza koo ukutani. Kisha akamsikia mwanawe. Kilio chake kilikuwa kinapanda. Kinapanda juu kutoka kitandani, kikibanwa kati ya vitu viwili visivyoweza kushika, kikiteleza, kikibanwa tena.

"Nani alituonyesha?"

Sauti ilikuwa ya bibi wa sokoni. Nyuma yake nyingine zikarudia, kama kiitikio.

"Nani alituonyesha..."

Karibu na sikio lake, chini sakafuni, Marsiana alikuwa akinong'ona. "Waonyeshe yule wa nje. Yule mfugaji. Si ndugu yako, hata kwao hapajulikani. Nyoosha mkono tu, mwanangu. Huna haja ya kusema. Nyoosha, watakuachia mtoto."

Kumbe ndivyo ilivyo rahisi, Evodia aliwaza. Ni mkono tu. Mlangoni Bundala alikuwa akikoroma damu. Kikombe cha nyongeza. Ng'ombe mwenyewe kaamua.

Juu gizani Kalisti alikohoa, akakosa pumzi.

Evodia alijinasua koo, akajikokota hadi mezani. Akapapasa mpaka akaligusa ua. Akauweka mkono wake wa kulia katikati yake, kiganja juu.

"Alikuwa mama yangu," akasema. Damu ilimjaa kinywani. "Amekufa, hamwezi kumpata. Mkono wake ni huu. Chukueni. Nipeni mtoto."

Pumzi nzito zikamsogelea, zikainamia meza.

"Huo ulinilisha," ilisema sauti ya bibi, na ilisema kwa majonzi.

"Ni wa nyumba ile ile," mwingine akajibu.

Chini ya mgongo wa mkono wake Evodia alihisi kitambaa kikisogea. Mikono iliyochapwa ilikuwa inakunja vidole. Ikamshika. Kifundo, kiganja, kila kidole na mshikaji wake. Halafu akasikia mkasi wake mwenyewe, ule wa chuma wa kushonea, ukiburutwa mezani.

Haukukata mara moja. Hawakuwa na vidole vya kuushikia. Waliukandamiza kwa vigutu, wakauegemea kwa uzito wao wote. Kidole cha kwanza kilichukua muda mrefu. Cha pili Evodia alikuwa bado anapiga kelele. Cha tatu alikuwa hana sauti tena.

Kitu cha moto kikamwangukia mapajani. Kilikuwa kinalia. Kilikuwa kizima.

* * *

Kornel aliwakuta asubuhi. Hospitalini walisema ni majambazi, na polisi wakaandika majambazi, kwani ndivyo nyumba za pembezoni zinavyovamiwa. Bundala alivunjika mikono yote miwili na mbavu. Alipoweza kuongea aliulizwa aliowaona, akasema hakuona. Evodia peke yake ndiye aliyeambiwa, siku alipompelekea uji akamnywesha kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto.

"Walikuwa watano, Mama Kalisti. Mmoja amevaa khanga yako."

Khanga yenyewe ilikuwa imepatikana asubuhi ile kizingitini. Ilikunjwa vizuri, pembe kwa pembe, mara tatu, na ncha kuchomekewa ndani. Hivyo ndivyo Evodia alivyokuwa akikunja nguo zake, na hakuna mwingine mtaani aliyekunja hivyo. Kazi ya mtu mwenye vidole. Vidole vitatu vya Evodia havikuonekana popote, ingawa Kornel alitafuta hadi chini ya kitanda.

Ndani ya khanga kulikuwa na ua. Limeshonwa, limekamilika, mishono midogo iliyolalia kushoto kama mishono yake yeye. Mikono sita. Mitano ilikuwa na vidole vyote. Wa sita, ule wa mbeleko, ulikuwa na viwili.

Kornel alitaka kulichoma. Evodia alikuwa tayari. Lakini Kalisti hakulala mpaka alipowekewa ua lile kifuani, na tangu usiku ule hakukohoa tena.

Miezi ikapita. Marsiana alibaki kumsaidia, maana mwenye vidole viwili mkono wa kulia hawezi kufua wala kufunga nepi. Alifanya kazi yote bila kuchoka, akapika, akamwogesha mtoto, na Evodia akayahesabu hayo kama alivyoyahesabu ya wengine. Mbeleko mpya ikanunuliwa. Kalisti akakaa, akatambaa. Jioni moja, mwezi wa saba mwingine, akashika mguu wa meza, akasimama.

"Kasimama, mfalme wetu," alisema Marsiana toka mlangoni, na taa mkononi. "Njoo, baba. Njoo kwa bibi."

Mtoto hakwenda. Alikuwa hajui kusema hata neno moja. Alimtazama Marsiana, akimtazama kama mtu mzima anayetaka kuwa na hakika. Kisha akaachia meza, akanyoosha mkono.

Akamwelekezea kidole.

Evodia alicheka kwanza. Akamkunja kidole taratibu kwa vidole vyake viwili, kama mama yeyote anayemfundisha mwanawe adabu. Mtoto akakinyoosha tena. Pale pale.

Marsiana akarudi nyuma hatua moja.

Na Evodia akakumbuka. Msichana wa shule, mlangoni, pembeni ya mama yako. Mimi tu. Na ushauri ule gizani, uliotoka upesi mno, kama wa mtu aliyewahi kuutumia: nyoosha mkono tu, huna haja ya kusema.

"Mama mdogo," aliuliza polepole. "Siku ile, mkono ulionyooshwa ulikuwa wa nani?"

Marsiana alitua taa chini. Akaingiza mikono yake yote miwili ndani ya shuka alilojitanda, akaifumbata chini ya kwapa, kama watu wafanyavyo wakishikwa na baridi.

Nje, mahali fulani katika njia ya Mpui, wanawake walianza kutwanga.